Mume wangu huvua dagaa wakati wa giza na hulala usiku wakati wa mbalamwezi: kwa nini mwili wake hauzoei?

Mchuuzi wa Katonga ameuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Mimi hununua na kuanika dagaa katika mwalo wa Katonga hapa Kigoma, na mume wangu ni mvuvi wa usiku. Wanaoishi kando ya Ziwa Tanganyika wanafahamu kwamba uvuvi wetu wa dagaa na migebuka hutegemea taa, kwa hiyo hufanyika wakati wa giza. Mwezi unapopevuka, taa hazivuti tena samaki kama inavyotakiwa, na wavuvi huvuta mitumbwi nchi kavu, wakashona nyavu na kulala majumbani mwao mpaka mbalamwezi ipite. Kwa utaratibu huo mume wangu huishi maisha mawili ndani ya kila mwezi: sehemu kubwa anakesha majini na kulala mchana, na zile siku za mbalamwezi anatakiwa kulala usiku kama watu wengine.

Tatizo ni kwamba halali vizuri katika hali zote mbili. Wakati wa giza hufika nyumbani mnamo saa moja na nusu asubuhi akiwa amechoka kiasi cha kusinzia bakuli la uji likiwa mkononi, lakini akishalala hazipiti saa tatu za usingizi anaamka, na baada ya hapo hujigeuzageuza tu kitandani hadi adhana ya adhuhuri. Jioni, wenzake wanapobeba betri za taa kuelekea mwaloni, ndipo macho yake yanapokuwa mazito. Mbalamwezi ikifika mambo hugeuka: usiku wa manane yuko barazani, macho makavu, anasikiliza redio, na anapoanza kupata usingizi wa kawaida, giza linakuwa limerudi na kazi inamwita.

Yapo mambo mawili yanayonishangaza zaidi. Kwanza, shemeji yangu, mdogo wake wa mwisho, hufanya kazi katika mtumbwi huohuo na hana shida yoyote. Hulala mchana kutwa hata watoto wakicheza mlangoni. Pili, ziwa lilipofungwa kwa ajili ya kupumzisha samaki, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ingawa kipato kilitubana, mume wangu alilala kama kijana, na hata kiungulia kilichokuwa kikimsumbua kilitulia bila dawa. Ziwa lilipofunguliwa, yote yalirudi.

Duka moja la dawa limemuuzia vidonge vya usingizi bila hata kumuuliza anafanya kazi gani. Vinamlaza, ila anaamka akiwa mzito na anaingia ziwani hivyohivyo, jambo linalonitisha. Naomba kufahamishwa: ni nini hasa kinachofanya mwili wake ukatae kuzoea baada ya miaka yote hii ya kazi, na je, vidonge hivyo ni suluhisho?

Tabibu wa Zamu amejibu:

Dada, pole kwa mzigo huo. Nitajibu kwa urefu kidogo, kwa kuwa jambo lenyewe halieleweki kwa kumwambia mtu alale zaidi, na mume wako bila shaka ameambiwa hivyo mara nyingi.

Usingizi hutawaliwa na mambo mawili yanayokwenda pamoja lakini kila moja kwa sheria zake. La kwanza ni deni la kukaa macho. Tangu mtu anapoamka, kemikali iitwayo adenosini huendelea kujikusanya katika ubongo, na kadiri inavyozidi ndivyo usingizi unavyombana, akilala, inapungua. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu humchangamsha mtu kwa sababu kafeini huzuia ubongo usiipokee adenosini, lakini deni lenyewe hubaki palepale. La pili ni saa ya mwili, ambayo haiangalii mtu amekesha muda gani. Kazi yake ni kuutangazia mwili kwamba sasa ni mchana au sasa ni usiku, na kupandisha au kushusha joto la mwili, homoni na hamu ya chakula kulingana na tangazo hilo. Mtafiti Alexander Borbély wa Zurich aliyaunganisha mambo haya mawili katika nadharia moja mwaka 1982, na hadi leo ndiyo njia nyepesi ya kuelewa malalamiko ya watu wa zamu. Mume wako anapofika nyumbani asubuhi, deni ni kubwa, ndiyo maana anasinzia juu ya uji. Baada ya saa tatu za kulala, sehemu kubwa ya deni imekwisha kulipwa, na saa ya mwili, ambayo kwake bado inasema ni mchana, inamwamsha. Jioni anakuwa na deni lililobaki pamoja na saa inayokaribia kutangaza usiku, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Saa hiyo ni kitu halisi wala si namna ya kusema. Iko ndani ya ubongo katika sehemu iitwayo haipothalamasi, juu kidogo ya mahali ambapo neva za macho mawili hupishana, nayo ni vikundi viwili vidogo vya seli vyenye jumla ya seli kama 20,000. Kila seli hupima muda kwa jeni zake: jeni fulani huamuru protini itengenezwe, protini hiyo ikishakuwa nyingi hurudi kuizuia jeni iliyoizaa, kisha huvunjika taratibu mpaka kizuizi kinaondoka na mzunguko unaanza upya, na safari yote hiyo huchukua karibu saa 24. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, waliochunguza jambo hili katika inzi wadogo wa matunda, walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2017. Mitambo ya namna hiyo imo pia katika ini, tumbo, figo na karibu kila kiungo, na viungo hivyo huifuata saa ya ubongo kama maamuma wanavyomfuata imamu.

Ninasema karibu saa 24 kwa makusudi. Kwa wanadamu walio wengi, saa hii ikiachwa peke yake huchelewa kidogo, wastani wake ukiwa takribani saa 24 na dakika 10, kwa hiyo lazima irekebishwe kila siku. Mwaka 1962 Mfaransa Michel Siffre alikaa peke yake kwa miezi miwili ndani ya pango la barafu katika milima ya Alps bila saa wala mwanga wa jua. Alipoambiwa muda umekwisha, yeye alidhani ni Agosti 20, kumbe ilikuwa Septemba 14. Alikuwa ameendelea kulala na kuamka kwa mpangilio, lakini mpangilio huo ulikuwa umeachana na siku za nje.

Kirekebishi kikuu ni mwanga unaoingia machoni. Nyuma ya jicho, mbali na seli za kuonea, zipo seli nyingine chache zenye rangi iitwayo melanopsini, ambazo kazi yake kubwa ni kuupelekea ubongo habari za mwanga, hasa mwanga wa buluu ambao umejaa katika anga la mchana na katika taa nyeupe za kisasa. Ndiyo maana wapo vipofu ambao hawaoni chochote lakini saa yao hurekebishwa na jua kama kawaida, kwa kuwa seli hizo kwao ni nzima, na wapo wengine ambao seli hizo zimeharibika na usingizi wao huhama kidogo kidogo kila siku. Giza linapoingia, saa ya ubongo huiruhusu tezi ndogo ya pineali kumwaga homoni ya melatonini, inayoujulisha mwili kwamba usiku umefika. Mwanga mkali huikatiza.

Sasa nije kwenye mtumbwi wa mume wako, maana jibu la swali lako liko hapa. Mwanga hausukumi saa upande mmoja siku zote. Ukiingia machoni jioni na katika nusu ya kwanza ya usiku, huichelewesha saa, yaani usingizi wa kesho yake unachelewa kuja. Ukiingia baada ya ile saa ya alfajiri ambayo joto la mwili liko chini kabisa, kwa watu wengi mnamo saa kumi au saa kumi na moja, huiwahisha. Mvuvi anayetazama taa kuanzia saa mbili usiku anaivuta saa yake ielekee kwenye maisha ya usiku, na hilo ndilo linalotakiwa. Kisha, kazi inapokwisha, mitumbwi yote inarudi upande wa mashariki, nyuso za wavuvi zikielekea kwenye vilima ambako jua linachomoza, na jua hilo lina nguvu kuliko taa zote za usiku kucha. Kilichovutwa usiku kinarudishwa asubuhi. Saa yake inabaki ya mchana, kazi yake inabaki ya usiku, na hali hiyo inaweza kuendelea kwa miaka kumi au ishirini bila mwili kuzoea, kwa sababu kila asubuhi unaambiwa usizoee. Ziwa lilipofungwa, mwanga, kazi na usingizi viliingia kwenye mstari mmoja, na wewe mwenyewe uliona matokeo yake.

Kuhusu shemeji yako, watu hatufanani. Mwaka 1938 Nathaniel Kleitman na mwanafunzi wake Bruce Richardson waliishi zaidi ya mwezi ndani ya pango la Mammoth kule Kentucky, Marekani, wakijilazimisha kufuata siku ya saa 28 badala ya 24. Richardson, aliyekuwa kijana, aliweza. Kleitman, aliyekuwa na umri wa miaka 43, mwili wake ulikataa, na joto lake liliendelea kupanda na kushuka kwa mzunguko wa saa 24 kana kwamba bado yuko juu ya ardhi. Umri una sehemu yake, na tangu kuzaliwa wapo watu wa alfajiri na wapo watu wa usiku. Kumlaumu mume wako kwa kumlinganisha na mdogo wake si haki.

Vidonge vya usingizi vya aina anayouziwa havigusi saa ya mwili. Vinaufunika ubongo kwa muda, na mabaki yake huendelea kuwamo katika damu wakati mtu anapotakiwa kuwa macho. Mtu ambaye kazi yake ni kusimama juu ya ubao wenye maji usiku, juu ya ziwa lenye kina kama cha Tanganyika, hapaswi kuvitumia bila daktari kumwona na kuyajua mazingira yake. Mpeleke kituo cha afya na vidonge hivyo mkononi, na asiviache ghafla kama amevitumia kwa majuma mengi, kwa kuwa kuviacha ghafla nako kuna madhara.

Mwalimu wa Jiografia ameandika:

Namshukuru tabibu kwa maelezo yake. Ninaomba kuongeza jambo ambalo sisi wa magharibi mwa nchi huliishi bila kulitafakari, nalo ni kwamba saa ya ukutani hapa Kigoma na jua la Kigoma hazisemi kitu kimoja.

Saa za Tanzania hufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, mstari ambao haupiti hata katika kipande kimoja cha nchi yetu, kwani uko baharini mbali na pwani. Dar es Salaam iko kwenye nyuzi 39 na kidogo; Kigoma iko karibu na nyuzi 29 na nusu. Dunia huzunguka nyuzi moja kwa kila dakika 4, hivyo jua hufika kwetu takribani dakika 39 baada ya kufika Dar es Salaam, na likilinganishwa na saa rasmi limechelewa kwa saa nzima. Ndiyo maana jua la utosi hapa tunalipata karibu na saa saba mchana badala ya saa sita, na kulingana na majira, macheo huwa kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na robo asubuhi. Majirani zetu wa Burundi, na wa Kongo walio ng'ambo ya ziwa, wanatumia saa iliyo nyuma ya yetu kwa saa moja, nao wako karibu zaidi na jua lao.

Jambo hili lina uzito katika mada hii kwa sababu, kama tabibu alivyoeleza, mwili hufuata jua. Mwanafunzi wa Kigoma anayetakiwa kuwa mstarini saa moja kamili anaamshwa wakati mwili wake uko mapema zaidi katika usiku wake kuliko mwili wa mwenzake wa Temeke. Ukiongeza kwamba katika umri wa kubalehe saa ya mwili huchelewa kwa maumbile, hutashangaa kipindi cha kwanza cha hisabati kikipata wasikilizaji wachache. Mimi huwafungulia madirisha yote na kuwasimamisha nje kwa dakika chache kwanza, wala sioni aibu kusema kwamba viboko havijawahi kurekebisha haipothalamasi ya mtu.

Kwa upande mwingine, sisi tulio nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta tuna bahati. Urefu wa mchana wetu hubadilika kwa takribani nusu saa tu kati ya Juni na Desemba, kwa hiyo ishara ya jua ni ileile mwaka mzima. Watu wa kaskazini mwa Norway hukaa majuma kadhaa bila kuliona jua wakati wa baridi, na usingizi wao hulalamika.

Niongeze pia, kwa kuwa dada ni mtu wa dagaa, kwamba mvuvi si kiumbe pekee anayefuata ratiba usiku huo. Vijidudu vidogo vya majini ambavyo dagaa hula huteremka kwenye maji ya chini yenye giza mchana, na hupanda juu jua linapozama. Dagaa huvifuata, na migebuka huwafuata dagaa. Mvuvi ni wa mwisho katika msafara huo, na ndiye pekee ambaye mwili wake haukuumbwa kuwa nao.

Dereva Mstaafu ameandika:

Nimeendesha garimoshi katika Reli ya Kati kati ya Tabora na Kigoma hadi nilipostaafu, na usiku naujua. Wazee wetu wa kazi hawakuwa na habari za homoni, lakini walitufundisha kitu kimoja ambacho naona kinakubaliana na maelezo ya tabibu: kabla ya kushika zamu ya usiku, mtu alale mchana hata kama hana usingizi, chumba kiwe kimefungwa na watoto wamepelekwa kwa bibi yao. Kujilaza alasiri kwa saa moja na nusu kulinisaidia kuliko birika zima la kahawa ya Kalinzi, na kahawa naipenda.

Jambo la pili ni muda wa hatari. Usiku wa manane si mbaya sana. Mbaya ni kuanzia saa tisa usiku hadi karibu na macheo, hasa unapovuka pori refu ambako hakuna taa wala mtu. Hapo macho yanaweza kuwa wazi na akili imelala. Tulikuwa wawili ndani ya injini, na kila mmoja alikuwa na wajibu wa kuisema kwa sauti kila ishara aliyoiona, ili ukimya ukizidi mwenzake ajue. Nadhani ndani ya mtumbwi pia wanaweza kupangiana zamu ya kuzungumza katika saa hizo, na jaketi la kuokolea livaliwe mwilini badala ya kukaliwa.

Ila sikubaliani na wanaosema vijana wa sasa ni wavivu wa kukesha. Zamani tulikesha, ni kweli, na wengi tulioanza pamoja tunatibiwa presha na kisukari. Sisemi kazi ndiyo iliyoleta, lakini ningependa tabibu aligusie hilo.

Mchuuzi wa Katonga amejibu:

Nawashukuru sana, tabibu, mwalimu na wewe mzee wangu. Nimemsomea mume wangu maelezo haya, na ile habari ya jua la asubuhi ilimfanya akae kimya kwa muda, kisha akasema siku za mawingu mazito ya masika huwa analala zaidi, jambo ambalo sisi wote tulidhani linatokana na ubaridi.

Ninaomba kuuliza matatu. La kwanza, nyumba yetu imeezekwa kwa bati na haina dari. Ikifika saa tano chumba kinawaka, je, giza pekee litatosha? La pili, wavuvi hula ugali na samaki saa nane usiku wakiwa majini, na mume wangu akirudi hula tena kabla ya kulala. Ndicho kinacholeta kiungulia? La tatu, tufanye nini siku zile za kuhamia mbalamwezi na za kurudi gizani, maana hizo ndizo zinazomtesa?

Tabibu wa Zamu amejibu:

Dada, alichokisema mume wako kuhusu siku za mawingu ni sahihi kwa sehemu: mawingu mazito hupunguza sana mwanga unaoingia machoni, na ubaridi nao unasaidia. Hapo ndipo swali lako la bati linapoingia. Ili mtu alale na aendelee kulala, joto la ndani ya mwili linatakiwa kushuka. Usiku hushuka lenyewe kwa karibu nyuzi 1 ya Selsiasi, lakini mchana saa ya mwili inalipandisha, na bati likiongeza lake, usingizi hukatika. Giza pekee halitoshi. Kama uwezo unaruhusu, weka dari katika chumba hicho kimoja tu, hata ya mikeka au magunia yaliyoshonwa vizuri chini ya kenchi, kwa kuwa hewa iliyo kati yake na bati hupunguza joto. Madirisha ya upande wa mashariki yawekewe pazia zito la rangi nyeusi. Aoge maji ya vuguvugu akifika. Mwili hupoa haraka baada ya kuoga. La muhimu kuliko yote ni alale mapema iwezekanavyo baada ya kufika, kabla bati halijashika moto, na shughuli za kupiga mahesabu ya mapato zisubiri alasiri.

Njiani, avae kofia ya pama yenye ukingo mpana na miwani ya jua tangu jua linapochomoza, akiwa bado majini, ila avue miwani wakati wa kuingiza mtumbwi na mahali popote panapohitaji macho makali. Najua watamcheka mwaloni. Wakimcheka, awaambie anaogopa jua; hiyo ni kweli, na haihitaji maelezo marefu.

Kuhusu chakula, umekisia vizuri. Tumbo, ini na kongosho vina saa zao, na usiku kongosho hushughulikia sukari kwa ulegevu zaidi kuliko mchana, hivyo sahani ileile ya ugali hupandisha sukari ya damu zaidi ikiliwa saa nane usiku. Hilo linamjibu pia mzee wetu wa reli: watu waliofanya kazi za zamu kwa miaka mingi huonekana zaidi miongoni mwa wagonjwa wa kisukari na wa moyo, ingawa urithi, chumvi, uzito na sigara vina sehemu yao. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya zamu za usiku mwaka 2007 katika kundi la mambo ambayo yumkini huongeza hatari ya saratani, na mwaka 2019 likauthibitisha uamuzi huo. Kwa mvuvi ambaye hana namna ya kuacha kazi, ninashauri ale mlo mkubwa jioni kabla ya kuingia ziwani, majini ale kidogo tu, kama ndizi au karanga, na akirudi anywe uji mwepesi kisha akae wima kwa muda kabla ya kulala. Mtu akilala chali tumbo likiwa limejaa, asidi hupanda, na hicho ndicho kiungulia. Kahawa, kama anaitumia, iwe mwanzoni mwa usiku. Nusu ya kafeini huendelea kuwamo mwilini baada ya saa tano hivi, kwa hiyo kikombe cha saa kumi alfajiri humsubiri kitandani.

Swali la tatu ndilo gumu. Saa ya mwili hukubali kucheleweshwa kwa urahisi zaidi kuliko kuwahishwa, kwa sababu kwa maumbile yenyewe huelekea kuchelewa. Kwa hiyo mbalamwezi inapoanza asilazimishe kulala saa tatu usiku siku ya kwanza. Alale saa nane usiku, kesho yake saa saba, na kuendelea hivyo kurudi nyuma taratibu, huku kila asubuhi akitoka nje mapema kupokea jua bila kofia wala miwani, maana sasa jua hilo hilo ni rafiki. Mbalamwezi inapokaribia kwisha, afanye kinyume: kwa siku mbili tatu za mwisho achelewe kulala na kuchelewa kuamka, ili usiku wa kwanza wa giza usimkute akiwa mtu wa mchana kabisa. Asubuhi za kipindi hicho cha mwisho akae ndani kidogo. Asitegemee kugeuka kikamilifu. Hata wakikutana katikati, yeye na saa yake, atapata saa mbili za ziada za kulala, na kwa mtu anayelala saa tatu hilo si dogo.

Siku za giza, mbali na usingizi wa asubuhi, ajilaze tena kuanzia mnamo saa tisa alasiri, kama mzee wa reli alivyoshauri. Ajumlishe vipande viwili vifike angalau saa saba kwa siku.

Mwisho nina swali kwako wewe, dada, kwa kuwa unalala karibu naye siku za mbalamwezi. Je, hukoroma kwa nguvu, kisha pumzi ikakatika kwa muda na kurudi kwa kushtuka? Kama ndivyo, kuna tatizo jingine la njia ya hewa ambalo halitokani na saa ya mwili, na vidonge vya usingizi hulizidisha. Mtajieni daktari tatizo hilo mtakapokwenda, pamoja na ratiba ya kazi yake yote ya mwezi mmoja, iliyoandikwa kwenye karatasi: lini aliingia ziwani, lini alilala, lini aliamka.

Mchuuzi wa Katonga amejibu:

Hukoroma, tabibu, lakini pumzi haikatiki. Nimemsikiliza jana mchana alipolala hadi akaamka akauliza ninamtazama nini. Karatasi ya ratiba tumeianza leo, na shemeji yangu amekubali kujazwa katika safu ya pili ili tuone tofauti yao. Tutakwenda kituo cha afya mbalamwezi ijayo, kwa kuwa kabla ya hapo hakuna asubuhi atakayoweza kukaa foleni bila kulala.